Kabla Hujanunua Kompyuta Nyingine

Wiki za kabla ya Ramadhani ni wiki za harusi hapa Tanga, na sisi wapiga picha tunazijua kwa jambo lingine pia: ndizo wiki ambazo kompyuta zetu za nyumbani hutukesheza. Mpiga picha anarudi usiku na memori kadi zimejaa, anaziingiza kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, anabofya picha ya kwanza, na skrini inaganda. Anasogeza kitelezi cha mwanga, uso wa bibi harusi haubadiliki. Anakisogeza tena. Ghafla uso unakuwa mweupe pe, kwa sababu kompyuta ndiyo kwanza imefikia amri ya pili. Siku zinapita, simu inaita, "Dada, picha zangu lini?" Na mwishowe mpiga picha anafikia uamuzi ambao makala haya yanaupinga: anakopa kwenye kikoba, anakwenda kununua kompyuta nyingine.

Nasema asinunue. Angalau asianzie hapo. Naishi kwa kazi ya picha, nahariri sebuleni kwangu kwenye laptopu ambayo ilikuwa na mwenyewe kabla haijanifikia mimi, na nina hakika kwamba nyingi kati ya kompyuta tunazozitupa kwa kisingizio kuwa zimechoka hazijachoka hata kidogo. Kuna kitu kimoja au viwili vinavyozikwamisha. Vitu hivyo vinajulikana, vinapimika, na bei ya kuvibadilisha ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine nzima.

Kijana mmoja wa hapa mtaani, hodari sana wa picha za jioni, alinijia amekata tamaa. "Shikamoo dada. Fundi kaniambia hii haifai tena, nitafute Core i7." Nikamuuliza, i7 ipi? Hakujua, na si kosa lake, kwani hata aliyemtuma hakumwambia. Neno hilo limekuwa kama muhuri wa ubora katika maduka yetu. Linaandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi na kubandikwa juu ya mashine, na mnunuzi anaamini amemaliza kuuliza.

Ukweli ni kwamba Core i7 za kwanza zilitoka mwaka 2008. Tangu wakati huo Intel imetoa kizazi baada ya kizazi kwa jina lilelile, na tofauti kati ya vizazi hivyo inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya i5 na i7. Chukua mfano wa prosesa mbili zinazopatikana sana kwenye laptopu zilizotumika. Ya kwanza ni i7-7500U, iliyotoka mwaka 2016. Ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Ya pili ni i5-8250U, iliyotoka mwaka mmoja baadaye, na hiyo ina viini vinne. Lightroom inapotoa picha mia za harusi kuwa JPEG hugawa kazi kwa viini vyote vilivyopo, kwa hiyo i5 hiyo inaiacha mbali i7 hiyo. Lakini dukani i7 itauzwa ghali zaidi, na mnunuzi ataondoka nayo akifurahi.

Kuna hasara ya pili pia. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa masharti yake rasmi, haizipokei karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Kwa hiyo ile i7 ya mwaka 2016 inakataliwa, na ile i5 inakubaliwa. Tazama namba iliyo baada ya kistari. Ikiwa ni ya tarakimu nne isiyoanza na 1, kama 7500 au 8250, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. Muuzaji asiyetaka kukutajia namba hiyo usimwachie pesa yako.

Turudi kwenye mashine uliyonayo. Ili ujue inakwama wapi, elewa kwanza picha moja inabeba nini. Kamera nyingi tunazotumia zina megapikseli 24, yaani kila picha ina nukta milioni 24. Faili la RAW, yaani picha ghafi ya kamera, likiwa kwenye kadi linaweza kuwa na megabaiti 25 au 30, kwa sababu limebanwa na kila nukta ndani yake ina rangi moja tu. Likifunguliwa kwa biti 16, kila nukta inahitaji rangi tatu, na kila rangi baiti mbili. Zidisha: ni megabaiti 144 kwa picha moja kabla hujaigusa. Ukiwa kwenye Photoshop ukaongeza tabaka moja kwa ajili ya kusafisha ngozi na lingine kwa ajili ya kuipa nguo mwanga, kila tabaka lenye picha kamili linadai megabaiti nyingine kama hizo. Na programu inatunza hatua zako za nyuma ili uweze kurudi ukitaka. Haishangazi mashine yenye RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 4 kuelemewa. Mimi nastaajabu inavyoweza kufika hata hapo inapofika.

RAM ni meza ya jikoni na diski ni stoo. Meza ikijaa, kila kitu kinachohitajika kinafuatwa stoo na kingine kinarudishwa ili kupisha nafasi. Hapo ndipo ubaya unapoanza, kwa kuwa stoo yenyewe kwenye laptopu nyingi za zamani ni diski inayozunguka kwa kasi ya mizunguko 5,400 kwa dakika. Kila inapotafutwa sehemu mpya, mkono wa diski husogea, kisha husubiri sahani izunguke mpaka sehemu hiyo ifike. Kwa jumla ni zaidi ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Unaweza kuona ni kidogo, lakini maana yake ni kwamba diski hiyo haiwezi kutafuta sehemu mia moja tofauti katika sekunde moja, wakati Lightroom ikifungua katalogi yake, picha zake ndogo na faili zake za akiba inataka maelfu. SSD, aina mpya ya diski, haina kinachozunguka. Hata zile za bei nafuu zinazoingia kwenye soketi ileile ya SATA husoma megabaiti takriban 500 kwa sekunde kwa mfululizo, na kwa vipande vidogo vilivyotawanyika, ambavyo ndivyo kazi yetu ilivyo, zinaishinda diski ya kuzunguka kwa mamia ya mara.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Ukiwapelekea kompyuta nzito, jibu la kwanza ni kupiga Windows upya. Wanafuta, wanaweka upya, unalipa, na kwa siku chache mashine inakuwa nyepesi kwa sababu haina kitu ndani. Ukirudisha programu zako na picha zako, uzito unarudi palepale. Kupiga Windows bila kupima ni sawa na kutokufanya kitu, na kuna hatari kubwa ndani yake ambayo nitaieleza.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika chache, na mtu yeyote anaweza. Fungua Lightroom au Photoshop, anza kazi yako ya kawaida, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Nenda kwenye sehemu ya Performance, uangalie wakati mashine inapoganda. Ikiwa mstari wa diski umepanda asilimia 100 na prosesa iko asilimia 20, prosesa yako haina kosa lolote, inasubiri diski. Ikiwa memori imejaa na diski inahangaika, dawa ni RAM. Prosesa ikiwa juu muda wote huku diski na memori vimetulia, hapo sasa zungumza habari ya prosesa. Kwenye Photoshop kuna kipimo kingine kizuri sana: chini ya picha, bofya kishale kidogo uchague Efficiency. Kikikaa asilimia 100, memori inatosha. Kikishuka, programu imeanza kutumia diski kama memori, na ndipo brashi yako inapoanza kuchelewa nyuma ya mkono.

Yule kijana tulipima hivyo. Diski ilikuwa juu kabisa, prosesa imepumzika. Aliambiwa anunue prosesa, na prosesa ya kutosha alikuwa nayo tayari.

Sasa hiyo hatari. Uzito wa ghafla, hasa unaoambatana na kuganda kwa sekunde kadhaa wakati wa kufungua folda fulani tu, unaweza kuwa dalili kwamba diski inakufa. Diski inayozeeka hukuta sehemu isiyosomeka, ikajaribu tena na tena, na wewe unaona tu duara linazunguka. Fundi akija na kufuta ili apige Windows, picha zilizokuwa bado zinaweza kuokolewa zimeondoka. Kuna programu ya bure, CrystalDiskInfo, inayosoma afya ya diski na kuonyesha kwa rangi kama iko salama, ina mashaka au ni mbaya. Ikionyesha mashaka, usihariri tena picha hata moja. Nakili kila kitu kwanza mahali pengine. Harusi hairudiwi. Mzee aliyepigwa picha akimkabidhi binti yake huenda mwakani hatakuwepo, na picha ile ndiyo itakayotafutwa na familia nzima. Jambo hili ndilo linalonifanya niandike kwa ukali kuhusu uzito wa kompyuta. Wengine wanaliona ni kero tu, mimi naliona ni amana ya watu iliyo mikononi mwetu.

Ukishapata SSD, huna haja ya kuitupa diski ya zamani ikiwa ni nzima. Kwenye laptopu zenye mlango wa DVD, kuna kijisanduku kinachoingia mahali pa DVD na kubeba diski ya pili. Windows, programu na katalogi ya Lightroom viwe kwenye SSD. Picha zenyewe zikae kwenye diski kubwa. Katalogi na picha zake za akiba ndivyo vinavyoguswa kila sekunde, picha asilia husomwa mara chache zaidi. Wanaotumia diski ya nje waangalie tundu wanalochomeka. USB 2.0 kwa vitendo haipitishi zaidi ya megabaiti 40 hivi kwa sekunde, hata diski yenyewe iwe na kasi gani. Tundu la USB 3.0 mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani. Na jihadhari na SSD na flashi za bei ya kutupa zinazodai kubeba kuliko zinavyobeba kweli. Programu ya H2testw, ya bure pia, hujaza kifaa chote kisha kukisoma na kukuambia ukweli. Fanya hivyo siku uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni.

Kuhusu RAM sina mengi. Kwa picha za megapikseli 24, gigabaiti 8 ni mahali pa kuanzia na 16 ni mahali pa kupumulia. Hakikisha kwanza kama laptopu yako ina nafasi ya kuongeza, maana nyembamba nyingi za siku hizi RAM yake imegandishwa kwenye ubao na haiongezeki. Na funga kivinjari unapofanya kazi. Vichupo ishirini vya intaneti vinakula memori uliyoilipia kwa ajili ya picha.

Joto ni jambo la sisi watu wa pwani. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hakuna ujumbe wowote unaotokea kwenye skrini kukueleza hivyo. Unaona tu kuwa asubuhi kazi inakwenda na saa nane mchana haiendi. Vumbi hujibana kwenye feni, unyevunyevu wa bahari unaligandisha, na mafuta ya kupitisha joto yaliyo juu ya prosesa hukauka kadiri miaka inavyokwenda. Kusafisha feni na kubadilisha mafuta hayo ni kazi ambayo fundi yeyote makini anaiweza, na ningependa kuona mafundi wetu wakiitangaza kazi hii kama wanavyotangaza kupiga Windows. Usiharirie kitandani, godoro linaziba matundu ya chini. Vilevile chomeka chaja: laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hushusha nguvu makusudi. Umeme ukikatika na ukaona programu imekuwa nzito, sababu ni hiyo.

Baada ya hayo ndipo uguse mipangilio ya programu, na iko michache yenye faida ya kweli. Lightroom inaweza kukutengenezea nakala ndogo za kufanyia kazi, zinazoitwa Smart Previews, zenye pikseli 2,560 upande mrefu. Ziagize wakati wa kuingiza picha, kisha kwenye mipangilio ya kasi iambie itumie nakala hizo badala ya picha asilia. Vitelezi vinaanza kufuata kidole. Wakati wa kutoa picha za mteja programu hurudi yenyewe kwenye picha asilia, ubora haupungui. Ongeza pia akiba ya Camera Raw kutoka gigabaiti 5 hadi 20 kama SSD ina nafasi. Kupunguza chenga na kunoa picha kuache mpaka mwisho, kwani kila badiliko unalofanya baada ya hapo linailazimisha kompyuta kupiga hesabu hizo upya. Kwenye Photoshop, hatua za nyuma 50 zinazotunzwa kwa kawaida zinaweza kupunguzwa hadi 20, na diski ya akiba iwe SSD yenye nafasi ya kutosha.

Kuchuja picha kunahitaji neno lake, maana wengi tunapotezea muda hapo kuliko kwenye kuhariri. Ndani ya kila faili la RAW kamera imekwisha kuweka JPEG. Lightroom Classic inaweza kuonyesha JPEG hiyo moja kwa moja badala ya kutengeneza yake, ukichagua Embedded & Sidecar wakati wa kuingiza. Chuja kwa hizo, baki na picha zinazostahili, ndipo kompyuta ianze kazi nzito kwa zile tu utakazompa mteja.

Nitasema pia kuhusu programu za kuiba, ingawa najua nitawaudhi wengine. Adobe ilihamia kwenye malipo ya kila mwezi mwaka 2013, na kwa mpiga picha anayelipwa kwa shilingi, tena kwa msimu, malipo ya dola kila mwezi kwa kadi ya benki ni mzigo halisi. Ninaelewa kabisa kwa nini watu wanachukua zilizovunjwa kufuli kwenye flashi. Lakini programu hizo mara nyingi hubeba wageni, baadhi yao wakitumia prosesa yako kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu usiyemjua. Umeme unalipa wewe, uzito unaupata wewe. Zipo programu za bure na za halali: darktable na RawTherapee kwa RAW, GIMP kwa kazi za matabaka. Toleo la 3.0 la GIMP, lililotoka Machi 2025, hatimaye linaruhusu marekebisho unayoweza kuyarudia bila kuharibu picha ya chini. Zinahitaji kujifunza upya, kweli. Lakini kijana anayeanza leo hana cha kusahau, na ningemshauri aanzie huko.

Je, hakuna siku ya kununua kompyuta nyingine? Ipo. Ule uwezo wa kuondoa chenga kwa akili bandia, ambao Adobe iliuweka kwenye Lightroom mwezi Aprili 2023, unategemea kadi ya grafiki, na kwenye laptopu isiyo na kadi yenye nguvu picha moja inaweza kuchukua dakika kadhaa. SSD haitakusaidia hapo. Anayepiga harusi za usiku ukumbini kwa mwanga hafifu na kuutegemea uwezo huo kila wiki ana sababu ya kununua, na aangalie kadi kwanza kabla ya kuangalia i ngapi. Anayehariri video pia ana hesabu zake. Wengine wote tunaofanya picha za harusi, za mahafali na za pasipoti, mashine tulizonazo zinatosha kazi hii zikitendewa haki.

Kwa wauzaji wa kompyuta zilizotumika: andikeni namba kamili ya prosesa, aina ya diski na kama RAM inaongezeka. Mnunuzi anayejua alichonunua atarudi kwenu. Kwa mafundi: fungueni Task Manager mbele ya mteja kabla hamjamwambia bei, na msifute diski ya mpiga picha yeyote kabla hajawaambia kwa kinywa chake kwamba picha zake ziko salama kwingine. Na wewe mwenzangu unayepanga kwenda kukopa, pima mashine yako leo jioni ukiwa kazini, uandike ni kipi kilichofika asilimia 100, na ukanunue hicho.